UZI: Kupima chembe laini (PM2.5) ndani ya nyumba – mizani, mionzi ya beta au mwanga? Tulinganishe njia

#1 MizaniNdogo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali halikauki: mtu kaweka vifaa viwili juu ya meza moja, kimoja kinasoma 34 na kingine 71, anataka aambiwe kipi kinadanganya. Majibu anayopata ni ya kushabikia chapa tu. Nimeona tulifungulie uzi wake tuanzie kwenye mzizi, kwa sababu inawezekana kabisa hakuna kinachodanganya. Kila kimoja kimepima kitu chake, kisha vyote viwili vikaandika "PM2.5" kwenye kioo.

PM2.5 ni uzito wa chembe zote zinazoelea hewani zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini, katika kila mita ya ujazo ya hewa. Unywele wa kichwa una mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo hapa tunazungumzia vitu ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja. Kipenyo chenyewe hakipimwi kwa rula. Chembe yenye umbo lolote huhesabiwa kuwa ya mikromita 2.5 ikiwa inashuka hewani kwa kasi ile ile ya tufe la ukubwa huo lenye densiti ya maji. Na kichwa cha kifaa kinachotenganisha chembe hakikati kama kisu: kwenye mikromita 2.5 kamili, nusu zinapita na nusu zinanaswa.

Kinachotafutwa, basi, ni uzito. Miongozo ya WHO ya mwaka 2021 inasema mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka (ile ya 2005 ilikuwa 25 na 10). Ushahidi mkubwa wa kiafya ulio nyuma ya namba hizi, kuanzia ule utafiti wa Harvard wa miji sita ya Marekani uliochapishwa mwaka 1993, ulijengwa juu ya vichujio vilivyowekwa kwenye mizani. Ukitaka kusema chumba chako kimevuka mwongozo au hakijavuka, mizani ndiyo hakimu. Njia nyingine zote ni mashahidi tu mbele yake.

Njia ya mizani yenyewe. Unachukua kichujio, mara nyingi cha Tefloni, kiduara cha milimita 37 au 47. Unakiacha kitulie kwenye chumba chenye joto na unyevu vilivyodhibitiwa. Utaratibu rejea wa Marekani unataka nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Ule wa Ulaya, EN 12341, unataka nyuzi 19 hadi 21 na asilimia 45 hadi 50. Unakipima kwenye mizani inayosoma mikrogramu moja. Unakipeleka chumbani, pampu inavuta hewa kupitia kichwa kinachobagua chembe kubwa, saa 24 zinapita, unakirudisha, unakituliza tena, unakipima tena. Tofauti ya uzito unaigawa kwa hewa iliyopita. Hakuna dhana kuhusu rangi ya chembe, umbo lake wala ilikotoka.

Tazameni hesabu ilivyo, hii ni ya mfano. Kichujio kabla: miligramu 152.310. Baada: 152.358. Ongezeko ni mikrogramu 48. Pampu ilivuta lita 4 kwa dakika kwa saa 24, yaani mita za ujazo 5.76. Jibu: 8.3. Sasa chukua kichujio kitupu kilichosafiri safari ile ile bila kuvutiwa hewa. Nacho kimeongezeka mikrogramu 6, kwa kushikwashikwa na kwa unyevu. Unazitoa, zinabaki 42, jibu linakuwa 7.3. Mikrogramu sita tu zimekula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya matokeo. Anayekuletea matokeo ya vichujio bila kutaja vichujio vitupu, mwombe kwanza hivyo vitupu.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba unapata namba moja kwa siku nzima. Jiko lilifuka moshi dakika arobaini jioni na saa zilizobaki hewa ilikuwa safi? Kichujio hakijui. Pia pampu ina kelele, wenye nyumba huchoka nayo wakaizima usiku. Na kuna chembe zinazovukiza zikiwa tayari kwenye kichujio, hasa nitrati ya amonia na baadhi ya mafuta ya kikaboni, kwa hiyo hata hakimu wetu hupoteza ushahidi kidogo.

Naendelea chini na njia nyingine. Naomba msichangie kwanza.

#2 MizaniNdogo (mleta uzi)

Mionzi ya beta na kipande kinachotetemeka. Hizi nitazipitia haraka, maana ni nadra kuzikuta sebuleni.

Ya beta inakusanya vumbi kwenye mkanda wa kichujio unaosogea, halafu inapitisha elektroni kutoka chanzo kidogo cha mionzi, kwa kawaida kaboni-14, kwenye doa la vumbi. Uzito ukiongezeka, elektroni zinazofika upande wa pili zinapungua. Unapata namba kila saa, na inakaribia sana uzito halisi kwa sababu elektroni hizo hazijali sana chembe ni ya rangi gani au imetoka wapi. Ila ndani ya nyumba yenye hewa safi, namba za saa moja moja zina mtikisiko wa mikrogramu kadhaa. Wastani wa siku ndio wa kutegemea.

Ya pili, TEOM, ina kichujio kidogo juu ya mrija wa kioo unaotetemeka. Vumbi likiongezeka, mtetemo unapungua kasi. Ni mizani ya kweli inayofanya kazi papo hapo. Tatizo ni kwamba toleo la kawaida hupashwa hadi nyuzi 50 ili unyevu usiingilie, na joto hilo hukimbiza zile chembe zinazovukiza nilizozitaja. Ndiyo maana likaja toleo la FDMS, linalokadiria kilichovukiza na kukirudisha kwenye hesabu.

Zote mbili ni makabati mazito na ya gharama. Zinafaa kituo cha kudumu au chumba cha utafiti.

#3 MizaniNdogo (mleta uzi)

Mwanga. Hapa ndipo ilipo asilimia kubwa ya vifaa tulivyo navyo majumbani, na ndipo panapohitaji muda.

Leza au taa ndogo inamulika hewa inayopita. Chembe zinatawanya mwanga, kipokezi kinahesabu mwanga uliotawanyika, programu iliyomo ndani inabashiri uzito. Kuna familia mbili. Nefelomita inaangalia wingu zima la chembe kwa pamoja. Kihesabu chembe kinaangalia moja moja inapokatiza mwale, kinazigawa kwa ukubwa, kisha kinazidisha kwa densiti kilichoambiwa itumike.

Uzito wa chembe unakua kwa mchemraba wa kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo): chembe moja ya mikromita 2.5 ina uzito sawa na chembe elfu moja za mikromita 0.25 zenye densiti ile ile. Mwanga haufuati kanuni hiyo. Kwa kila gramu, chembe zinazokaribiana na urefu wa wimbi la mwanga, mikromita 0.3 hadi 0.7 hivi, ndizo zinazotawanya sana. Zikiwa ndogo kuliko hapo, mwanga unapungua ghafla. Zikiwa kubwa, kila gramu inatoa mwanga kidogo. Masizi meusi nayo humeza sehemu ya mwanga badala ya kuutawanya. Ndiyo maana mikrogramu kumi za moshi wa sigara, kumi za vumbi la kufagia na kumi za moshi wa kukaangia ni uzito mmoja kwenye mizani, lakini mbele ya leza ni vitu vitatu.

Mfano mzuri ni vifaa vya kitaalamu vya kubeba mkononi kama DustTrak na SidePak za TSI. Kiwandani husawazishwa kwa vumbi la majaribio la Arizona, ambalo ni la madini, zito, lenye chembe kubwa. Ukivipeleka kwenye chumba cha wavutaji bila marekebisho, vinasoma juu mno. Kwenye tafiti za moshi wa sigara, vizidisho vinavyotumika kwa SidePak vimekaa karibu na 0.3. Maana yake namba 300 kwenye kioo ni 90 tu kwenye kichujio. Kifaa hakijaharibika. Kimeulizwa swali la moshi kikajibu kwa lugha ya mchanga.

Vihisi vidogo (PMS5003 ya Plantower, SPS30 ya Sensirion, SDS011 ya Nova) vinarithi tabia hizo hizo kwa bei ndogo zaidi. PMS5003 inatoa safu za ukubwa kana kwamba ni kihesabu chembe, lakini ilipofanyiwa uchunguzi mwenendo wake ulionekana kuwa wa nefelomita zaidi. Kwa hiyo zile safu msizitegemee. Namba ya PM10 inayotoka humo ni ubashiri zaidi kuliko kipimo. Chembe kubwa za kufagia hazionekani vizuri kabisa.

Haya, uwanja ni wenu.

#4 FundiSaketi

Mkuu umefafanua vizuri lakini naomba nikutetee vihisi vidogo kidogo. Mimi nimeunganisha vitatu vya aina moja chumba kimoja, grafu zake zinapandiana kama mapacha. Na kuna majaribio mengi yamechapishwa yenye R² ya 0.9 na zaidi dhidi ya mashine za rejea. Hiyo si ndogo. Kwa nini tunawatisha watu?

#5 MizaniNdogo (mleta uzi)

FundiSaketi, hoja yako ni ya msingi na sikusudii kumtisha mtu. Ila R² inakuambia vitu viwili vinapanda na kushuka pamoja. Haikuambii vinakubaliana. Kihisi kinachosoma mara mbili ya ukweli, kila saa, bila kukosea hata mara moja, kitakupa R² ya 1. Wanatakwimu Bland na Altman walilisema jambo hili mwaka 1986 kwa vipimo vya hospitali: usichore tu mstari, chora tofauti kati ya vifaa viwili dhidi ya wastani wao, uone wanaachana wapi na kwa kiasi gani. Kwa vihisi vya hewa zoezi hilo linafichua mengi, maana kwa kawaida pengo linakua kadiri hewa inavyochafuka.

Na vitatu vya aina moja kufanana ni habari njema ya kiwanda, inaonyesha havitofautiani. Havijasema lolote kuhusu ukweli, kwa sababu vyote vitatu vimejazwa dhana moja.

#6 DadaMaabara

Habari za humu. Nafanya kazi ya kupima vichujio, nimependa kwamba mtu ametaja vichujio vitupu. Niongeze mambo mawili ambayo huwa hayaandikwi kwenye ripoti.

La kwanza ni umeme tuli. Tefloni inajichaji kirahisi sana. Ukikiweka kichujio chenye chaji kwenye sahani ya mizani, namba inaendelea kutembea, inapanda, inashuka, haitulii. Ukiwa na haraka utaandika yoyote iliyokuwepo. Lazima kipite kwenye kiondoa chaji kwanza, sekunde chache tu, halafu usubiri namba isimame. Mimi hupima kila kichujio mara mbili, na zikipishana kupita mikrogramu chache narudia ya tatu.

La pili ni mtiririko wa pampu, na hili linaumiza pande mbili. Mtiririko ukishuka, hewa uliyoigawia si ile iliyopita kweli, hilo kila mtu analijua. Lakini vilevile kichwa cha kubagua chembe, kiwe saikloni au impakta, kimetengenezwa kwa mtiririko maalumu. Hewa ikipita polepole, chembe kubwa zaidi zinapenya, kwa hiyo unadhani umepima PM2.5 kumbe umepima PM3 au zaidi. Pima mtiririko mwanzoni na mwishoni kwa kipimo cha nje, usiamini namba ya pampu yenyewe. Ukikuta umeachana kwa zaidi ya asilimia kumi, sampuli hiyo iweke pembeni.

Jikoni kwenye moshi mwingi kuna na hili: kichujio kinajaa hadi pampu inashindwa. Kinakuja maabara cheusi, kigumu, na masizi yanadondoka ukikigeuza. Hicho hata mizani haiwezi kukiokoa. Tumia mtiririko mdogo, au pampu inayowaka na kuzima kwa vipindi.

#7 Mwanaafya

Asante dada, hilo la masizi kudondoka nalielewa sana.

Mimi nipo kwenye kazi za majiko ya kuni na mkaa. WHO inakadiria uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, kwa hiyo swali la njia gani tutumie kwetu si la anasa. Majikoni namba zinafika mamia na maelfu. Wenzetu wengine wanasema kwa viwango hivyo usahihi si muhimu, kihisi chochote kitaona kwamba ni pabaya. Mleta uzi unasemaje?

Na swali la pili, kifaa kikae wapi? Nimeona watu wanakining'iniza popote palipo na msumari.

#8 MizaniNdogo (mleta uzi)

Mwanaafya, kuona kwamba ni pabaya, pua inatosha. Swali lenu kwa kawaida ni kama jiko jipya limepunguza moshi na kwa kiasi gani, na hapo usahihi ni muhimu kuliko mahali pengine pote. Angalia mtego uliopo: jiko la zamani linatoa moshi wa aina moja, jiko jipya linachoma kwa joto la juu na kutoa chembe ndogo zaidi na nyeusi zaidi. Kihisi cha mwanga kinaona chembe hizo mpya vibaya kuliko za zamani. Kwa hiyo kinaweza kukuonyesha upungufu wa asilimia 70 wakati mizani ingekuonyesha 50. Jiko limesifiwa kupita haki yake kwa sababu moshi wake hauakisi mwanga vizuri, na anayebaki kuvuta hewa hiyo ni yule yule mama na mtoto wake. Hili linaniuma, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Pia vihisi vidogo hujaa. Kwenye maelfu ya mikrogramu, chembe nyingi zinapita mbele ya mwale kwa wakati mmoja na jibu linaacha kupanda sawasawa na moshi. Kilele unachokiona kwenye grafu kinaweza kuwa dari ya kifaa.

Suluhisho lenu tayari lipo: vifaa vinavyobeba vyote viwili ndani ya kasha moja, nefelomita inayoandika kila baada ya sekunde chache na kichujio nyuma yake kinachonasa chembe zile zile. MicroPEM na mrithi wake ECM, ambayo ilitumika kwenye utafiti mkubwa wa HAPIN wa majiko ya gesi, vimejengwa hivyo. Mwisho wa siku unachukua wastani wa nefelomita, unaulinganisha na kichujio, unapata kizidisho cha nyumba hiyo, kwa jiko hilo, kwa siku hiyo. Unarudi nacho kwenye grafu nzima. Tuseme nefelomita ilitoa wastani wa 620 na kichujio 310: kila nukta ya grafu izidishwe kwa 0.5. Sasa una muda na uzito kwa pamoja. Fanya kizidisho cha jiko la zamani na cha jiko jipya kila kimoja peke yake. Ukitumia kimoja kwa yote mawili, umerudi kwenye mtego ule ule.

Mahali pa kuweka: taratibu za majikoni zinazotumika sana zinasema mita 1 kutoka ukingo wa jiko, sentimita 145 hivi kutoka sakafuni, na angalau mita 1.5 kutoka mlangoni na dirishani. Cha muhimu zaidi ni kwamba kabla na baada pawe ni pale pale, na upige picha. Lakini kifaa cha ukutani kinapima jiko. Ukitaka kujua mtu anavuta nini, avalishwe kifaa karibu na pua.

#9 Mvuke_Kidogo

Naulizia la kwangu dogo tu. Chumba cha kulala, hakuna jiko, hakuna anayevuta. Mchana kihisi kinasoma 6 au 7. Nikiwasha kile kifaa cha kuongeza unyevu, cha kutoa ukungu baridi, namba inaruka hadi 150. Ni maji tu jamani, niamini au nisiamini?

#10 DadaMaabara

Mvuke_Kidogo, amini nusu na usiamini nusu. Vifaa vya ukungu baridi vinarusha matone madogo ya maji kwa mtetemo. Tone likiwa bado bichi, kihisi kinaliona kama chembe, na hilo ni kosa la kusoma. Lakini tone likikauka linaacha madini yaliyokuwa ndani ya maji, na hayo ni chembe halali ambazo hata kichujio changu kingezinasa. Jaribu usiku mmoja kwa maji yaliyokenekwa. Namba ikishuka sana, sehemu kubwa ilikuwa madini, na hapo hujatatua tatizo la kihisi, umetatua la hewa unayoivuta. Kile kifaa pia kisogeze mbali na kihisi, visikae kwenye meza moja.

#11 MizaniNdogo (mleta uzi)

Nakazia hapo kwa dada. Unyevu una mlango mwingine hata bila kifaa hicho. Chembe zenye chumvi hunywa maji kutoka hewani zikavimba. Chumvi ya kawaida inayeyuka kabisa kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi, salfati ya amonia kwenye 80. Mwanga unaona chembe iliyovimba. Mizani ya maabara inapima iliyokaushwa. Kwa hiyo usiku wa unyevu mwingi namba itapanda bila uchafu kuongezeka.

Kuna watu wanakimbilia kwenye fomula ya EPA (shirika la mazingira la Marekani) ya kusahihisha vihisi vya mwanga vya PurpleAir: 0.524 mara namba ya kihisi, toa 0.0862 mara unyevu, jumlisha 5.75. Ni fomula nzuri kwa kazi yake. Ilijengwa kwa vihisi vilivyokuwa nje, kando ya vituo rejea, kwa hewa ya nje ya Marekani. Ukiipeleka sebuleni unasahihisha moshi wa mshumaa kwa kanuni ya hewa ya barabarani. Na angalia ile 5.75: kihisi kikisoma sifuri kwenye unyevu wa asilimia 40, fomula itakupa karibu 2.3. Chumba chenye kisafisha hewa kizuri kinaweza kuwa chini ya hapo.

#12 FundiSaketi

Mkuu nimekubali hoja ya R². Ila basi nikuulize moja kwa moja: mtu asiye na maabara, hana kichujio, ana kihisi kimoja cha mwanga. Akifanyie nini cha maana? Au akitupe?

#13 MizaniNdogo (mleta uzi)

Asikitupe hata kidogo! Kuna maswali ambayo kihisi hicho kinayajibu vizuri kuliko kichujio chochote, nayo ni yale ambayo jibu lake ni uwiano.

Chukua hili. Hewa ya kawaida ya chumba inasoma 8. Umepika, ikafika 200, umezima jiko. Baada ya saa moja inasoma 60. Toa ile 8 kwenye zote mbili: 192 na 52. Gawa, unapata 3.69, logi asilia yake ni 1.3. Chumba chako kinaondoa chembe kwa kasi ya 1.3 kwa saa. Sasa tuseme kihisi chako kinasoma mara mbili ya ukweli au nusu yake: namba zote tatu zinabadilika kwa pamoja, mgawanyo unabaki ule ule, jibu ni 1.3 vilevile. Kosa la kizidisho limejifuta lenyewe.

Rudia jioni nyingine ukiwa umewasha kisafisha hewa, milango na madirisha yakiwa kama mwanzo. Tuseme umepata 4.3. Tofauti ni 3 kwa saa. Chumba kikiwa na mita za ujazo 30, kifaa hicho kinakupa mita za ujazo 90 za hewa safi kwa saa ndani ya chumba chako halisi, na makochi yako na mapazia yako. Linganisha na kilichoandikwa kwenye boksi.

Angalizo mbili. Ile 1.3 isiite mzunguko wa hewa peke yake. Ndani yake kuna chembe zilizotua kwenye kuta na sakafu. Na usianze kuhesabu kwenye kilele chenyewe, anza dakika chache baadaye moshi ukishachanganyika chumba kizima.

Kazi nyingine zinazofaa: kujua saa ngapi uchafu unaingia, kama unatoka ndani au nje (kihisi kimoja ndani, kingine cha aina hiyo hiyo nje, baada ya kuvilaza pamoja siku kadhaa uone vinatofautianaje), na kama kufungua dirisha wakati fulani kunasaidia au kunaharibu. Yote hayo hayahitaji ujue mikrogramu kamili.

Kisichofaa ni kuchukua namba ya dakika hii na kuipima dhidi ya 15 ya WHO. Ile ni wastani wa saa 24, na kihisi chako hakijawahi kukutana na mizani.

#14 Mwanaafya

Hili la uwiano nitalipeleka kazini kesho. Swali langu la mwisho: mishumaa na gesi? Tumekuwa tukisema gesi ni safi kwa sababu kihisi kinabaki chini.

#15 MizaniNdogo (mleta uzi)

Kwa uzito, gesi kweli iko chini sana ukilinganisha na kuni, mizani nayo inasema hivyo. Lakini mwali wa gesi, na mshumaa unaowaka kwa utulivu, hutoa chembe nyingi mno zilizo chini ya mikromita 0.1. Zile leza haizioni, kihisi kinaanzia karibu 0.3. Mizani nayo inaziona kama karibu si kitu kwa sababu uzito wake ni mdogo mno. Anayeziona ni kihesabu cha mvuke, ambacho huzifunika chembe kwa pombe au maji hadi zikue na kuonekana, na hicho hutoa idadi kwa sentimita ya ujazo. Usijaribu kubadilisha idadi hiyo kuwa mikrogramu. Ripoti namba mbili, kila moja na njia yake.

#16 Msomaji_Kimya

Nimesoma uzi wote, sijawahi kuchangia humu. Nimeazimwa sampla ya kichujio kwa wiki moja, na kihisi ninacho. Nianzie wapi?

#17 DadaMaabara

Karibu sana. Kabla ya yote, kifungie kihisi kwenye mfuko pamoja na hewa iliyopita kwenye kichujio cha HEPA (kinachonasa karibu chembe zote), uone kama kinarudi sifuri. Kisiporudi, safisha vumbi ndani ya tundu lake na ujaribu tena. Halafu weka sampla na kihisi bega kwa bega, midomo yao kwenye kimo kimoja, mbali na feni na ukuta. Saa zao ziwe sawa hadi dakika. Jaribu siku tofauti: siku ya kupika sana, siku ya kufagia, siku nyumba imefungwa. Usichanganye zote kwenye kizidisho kimoja mpaka uone kama zinafanana, na nina hakika ile ya kufagia itajitenga.

Vichujio vitupu viwe angalau viwili, visafiri na kulala pamoja na vingine. Andika unyevu na joto kila siku. Na data ghafi ya kihisi usiifute wala usiisahihishe ndani ya faili lile lile. Fungua faili lingine la masahihisho. Ukimaliza leta namba hapa, nitakusaidia kuzipitia.

#18 FundiSaketi

Msomaji_Kimya, kama kihisi chako ni cha Plantower, kuna safu mbili za PM2.5 kwenye data, CF=1 na ATM. Kwenye hewa safi zinafanana, moshi ukizidi zinaachana. Chagua CF=1 tangu siku ya kwanza na usibadilishe katikati.